Bima kwa Mfanyakazi wa Kandarasi Nairobi: Nini cha Kuchukua Kwanza na Namna ya Kusoma Mkataba

Mtu anayetoka kwenye kazi ya mshahara na kuanza kujitegemea, awe mpiga picha, mwandishi wa programu, fundi wa umeme, mkalimani au mhasibu wa wateja wanne watano, huhesabu mshahara alioacha na kusahau yale ambayo mwajiri alikuwa akimlipia kimya kimya. Kadi ya matibabu ya kampuni, makato ya afya na ya uzeeni yaliyokwenda kila mwezi bila yeye kushughulika, na ile bima ya majeraha kazini ambayo pengine hakuwahi kujua ipo, vyote hukoma siku mkataba wa ajira unapokwisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvirudisha kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio ambao mimi, baada ya miaka kumi na moja ya kupiga picha na kuhariri video kwa kandarasi jijini Nairobi, ningeufuata kama ningeanza leo. Ningeanza kwa kusoma kandarasi kati yangu na mteja, kwa sababu ndiyo inayoamua hasara ipi ni yangu, kisha ndipo ningetafuta bima ya hasara hiyo. Wengi wetu tulinunua kwanza kile ambacho wakala alikuwa nacho mkobani.

Hatua ya kwanza: Jua unasimama wapi kisheria

Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kwa kifupi kama WIBA, humlinda mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara chini ya mkataba wa ajira. Inamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na mwajiriwa anayepata ulemavu wa kudumu hukokotolewa fidia kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Mkandarasi huru hayumo katika ulinzi huo. Ukianguka kutoka kwenye ngazi ukifunga taa katika ukumbi wa hoteli huko Westlands, unaweza kuishtaki hoteli kwa uzembe, lakini ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kosa lake mbele ya mahakama, na hospitali haitasubiri hukumu ndipo idai pesa zake.

Hata hivyo, jina lililoandikwa juu ya mkataba si neno la mwisho. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huangalia uhalisia wa uhusiano wenyewe: nani anapanga saa za kazi, vifaa ni vya nani, unaweza kumtuma mwenzako badala yako au la, na kama una wateja wengine. Ikiwa unaripoti ofisini kila asubuhi saa mbili, unatumia kompyuta ya kampuni na kuomba ruhusa ya likizo, huenda wewe ni mwajiriwa aliyepewa jina la mkandarasi, na ni vyema umwone wakili kabla hujaanza kujilipia gharama ambazo kisheria si zako.

Baada ya hapo, chukua kalamu na usome kandarasi yako ukitafuta mambo matatu. La kwanza ni kifungu cha dhima, ambacho mara nyingi husema kwamba mkandarasi atamfidia mteja kwa hasara, madai na gharama zote zitakazotokana na kazi. Neno la kupigia mstari ni hilo “zote”. Omba liwekewe kikomo, kwa mfano kisichozidi ada ya kazi yenyewe au mara mbili ya ada hiyo, na uombe kabla ya kutia saini. Hili si jambo la adabu tu, kwa maana mikataba mingi ya bima ya dhima haifidii wajibu ambao umejitwika kwa maandishi ukazidi ule ambao sheria ingekubebesha. Ukikubali kubeba kila kitu, sehemu kubwa ya kitu hicho utaibeba peke yako hata ukiwa na bima. La pili ni kifungu cha bima, ambacho hutaja aina na kiwango unachotakiwa kuwa nacho. La tatu ni vifaa: vya kwako na vile ulivyokabidhiwa na mteja ni mali mbili tofauti mbele ya kampuni ya bima, na bima ya mali yako haigusi mali ya mwenzako isipokuwa imetajwa.

Na kama wewe mwenyewe unachukua wasaidizi, jiulize swali lilelile ukiwa upande wa pili wa meza. Kijana unayemlipa kila Jumamosi akubebee taa na akae hadi umruhusu aondoke anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wako, na WIBA ikakudai wewe. Bima ya WIBA kwa msaidizi mmoja au wawili hukokotolewa kwa mishahara unayotangaza, kwa hiyo kwa biashara ndogo huwa si mzigo mzito, na ningeichukua kabla ya kununua lenzi nyingine.

Hatua ya pili: Afya

Anzia kwa bima ya umma. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato. Asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu kaya yake, kama vile nyumba anayoishi, maji anayotumia na idadi ya watu anaowalea, kisha mfumo hukadiria mapato ya kaya na kumpangia mchango kwa kiwango hichohicho cha asilimia 2.75, ambao hauwezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Unaweza kujiandikisha na kujibu maswali hayo kwa simu kupitia *147#.

Jambo linalowakwaza walioacha ajira ni kwamba mchango wa aliyejiajiri hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyezoea kukatwa kidogo kidogo hudhani kwamba akilipa mwezi mmoja amefunikwa mwezi huo, kumbe sivyo. Ikiwa umetoka kwenye ajira, usingoje uugue ndipo ugundue kwamba mwajiri wako wa zamani aliacha kuwasilisha makato. Badilisha hali yako kwenye mfumo mwezi uleule, na uhakikishe mwenzi wako na watoto wameandikwa chini yako. Kwa mtu ambaye mapato yake huja kwa misimu, mimi hushauri alipe mchango wa mwaka kutoka kwenye malipo ya kwanza makubwa yanayoingia, kabla pesa hazijapata majina mengine.

Bima binafsi ya matibabu huja juu ya hiyo. Unapolinganisha kampuni, usiangalie tu kiwango cha kulazwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Uliza muda wa kusubiri kabla ya huduma za uzazi, ambao mara nyingi hukaribia mwaka. Uliza magonjwa ya kudumu uliyonayo tayari yanafidiwa hadi kiwango gani na kuanzia lini. Omba orodha ya hospitali na utazame kama ile iliyo karibu na kwako, iwe Kasarani au Rongai, imo. Uliza pia kama kampuni hulipa bili nzima au hulipa kile kinachobaki baada ya SHA, maana ukiwa hujalipa SHA pengo hilo linaweza kukurudia. Kama huduma za wagonjwa wasiolazwa zinapandisha bei kupita uwezo wako, chukua ya kulazwa peke yake. Dawa ya mafua unaweza kuimudu. Upasuaji ndio unaouza shamba la ukoo.

Hatua ya tatu: Kipato chako ukiwa kitandani

Bima ya matibabu humlipa daktari, lakini mwenye nyumba humlipi kwa kadi ya hospitali. Kwa hiyo andika kwenye karatasi gharama zako za mwezi ambazo hazikwepeki, yaani kodi, karo, chakula, mkopo na intaneti, kisha ujiulize ungezilipa kwa miezi mingapi bila kazi. Tofauti iliyopo kati ya jibu lako na miezi sita ndiyo unayotafutia bima.

Bima ya ajali binafsi ndiyo rahisi kuipata na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Hulipa kiasi kilichokubaliwa kwa kifo au ulemavu wa kudumu, hulipia matibabu ya ajali hadi kikomo fulani, na, hiki ndicho kipengele cha kutazama kwa makini, hulipa kiasi cha kila wiki unaposhindwa kufanya kazi kwa muda. Hakikisha kipengele hicho kimo, kwa wiki ngapi, na kuanzia siku ya ngapi baada ya ajali. Tangaza kwa ukweli kama unapanda bodaboda kila siku au unafanya kazi juu ya majengo, kwa sababu mikataba mingi huweka masharti kuhusu pikipiki na kazi za juu. Kumbuka pia kwamba ajali si ugonjwa: mgongo uliochakaa kwa kukaa mbele ya skrini miaka kumi hautafidiwa hapa. Kwa hayo kuna bima ya magonjwa mazito, ambayo hulipa kwa mkupuo ukithibitishwa kuwa na ugonjwa uliotajwa kwenye orodha.

Kuhusu uzeeni nitasema kwa ufupi. NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, inampokea aliyejiajiri kwa hiari yake, na mpango wake wa Haba Haba umewekwa kwa ajili ya wanaolipa kidogo kidogo, kuanzia shilingi 25 kwa siku. Mawakala wengi watakutolea kwanza bima ya elimu au ya akiba ya miaka kumi na zaidi. Ni bidhaa halali, lakini ukikatiza malipo katika miaka ya mwanzo hurudishiwa kidogo au hurudishiwi kabisa, na mtu ambaye mapato yake hupanda na kushuka ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kukatiza. Iache isubiri hadi hizi nyingine zikae sawa.

Hatua ya nne: Makosa ya kazi na madhara kwa watu wengine

Hapa kuna bima mbili ambazo watu huzichanganya. Bima ya dhima ya kitaaluma, ambayo kwenye nyaraka za zabuni huandikwa PI (professional indemnity), hufidia hasara ya fedha ambayo mteja ameipata kwa sababu ya kosa katika ushauri au kazi yako: tafsiri iliyogeuza maana ya kifungu, hesabu iliyokosewa, programu iliyofuta kumbukumbu za wateja. Bima ya dhima kwa umma hufidia mtu aliyeumia au mali iliyoharibika kwa sababu ya shughuli zako: mgeni aliyejikwaa kwenye waya wako ukumbini na kuvunjika mkono. Anayefanya kazi yake yote mezani anahitaji ya kwanza zaidi. Fundi na mpiga picha wa hafla wanahitaji ya pili. Mashirika mengi yenye ofisi Gigiri na Upper Hill hayatakupa kandarasi ya ushauri bila cheti cha mojawapo au zote mbili.

Bima ya kitaaluma kwa kawaida hufuata tarehe ya dai, wala si tarehe ya kosa. Maana yake ni kwamba mkataba unaolipa ni ule ulio hai siku mteja anapoleta dai. Ukifanya kazi mwaka huu, ukaacha kulipia bima mwakani, na dai likaja mwaka unaofuata, huna kinga. Kwa sababu hiyo uliza tarehe ya nyuma ambayo mkataba unaanzia kukukinga, usiruhusu bima ikatike kati ya mwaka na mwaka, na ukihamia kampuni nyingine hakikisha tarehe hiyo imehama nawe. Uliza pia kama kiwango cha juu ni kwa kila dai au kwa madai yote ya mwaka, na kama gharama za wakili zimo ndani ya kiwango hicho au ziko juu yake. Ikiwa wateja wako wako ng'ambo, soma kifungu kinachotaja nchi na mahakama zinazohusika, kwani ni jambo la kawaida madai yaliyofunguliwa Marekani na Kanada kuachwa nje.

Hatua ya tano: Vifaa

Hili nililijifunza kwa gharama. Jioni moja, nikitoka kwenye harusi, niliegesha gari Ngara, nikafunga kwa rimoti na kuingia dukani kununua maji. Niliporudi, mkoba wenye kamera mbili na lenzi tatu haukuwepo kwenye buti. Vioo vilikuwa vizima na kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Mkadiriaji aliyetumwa na kampuni yangu ya bima alizunguka gari mara mbili, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, kisha akaniuliza kwa upole, “Dada, ni wapi walipovunja?” Sikuwa na pa kumwonyesha. Wezi walikuwa wamezuia mawimbi ya rimoti, mlango haukujifunga kamwe, na mkataba wangu ulisema kwamba wizi kutoka kwenye gari hufidiwa tu ikiwa kuna dalili za kuvunja kwa nguvu. Sharti hilo lilikuwa ukurasa wa saba. Nilikuwa nimetia saini ukurasa wa tisa.

Kwa hiyo, kwa vifaa unavyotembea navyo, usitegemee bima ya vyombo vya nyumbani. Hiyo mara nyingi inataka wizi wa kuvunja na huacha nje vifaa vinavyotumika kibiashara. Omba bima ya hatari zote, orodhesha kila kifaa kwa jina, nambari yake ya utambulisho (serial number) na bei, kisha uulize kwa maandishi maswali haya: je, inafidia kifaa kikianguka? Kikinyakuliwa dirishani mwa matatu? Kikiwa ndani ya gari lisilo na mtu? Nje ya Kenya? Jibu la mdomo la wakala halitakusaidia. Jibu la barua pepe litakusaidia.

Kiasi cha bima nacho kiandikwe kwa thamani kamili. Tuseme vifaa vyako vina thamani ya shilingi 400,000, nawe, ili upunguze ada ya bima, ukaandika 200,000. Ukipoteza lenzi ya shilingi 80,000, kampuni ina haki ya kusema kwamba ulijibebea nusu ya hatari, ikakulipa 40,000, kisha ikaondoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe.

Hatua ya sita: Kununua

Hakikisha kwanza kwamba kampuni, wakala au dalali ana leseni ya mwaka huu. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, yenye ofisi katika jumba la Zep-Re Place, Barabara ya Longonot, Upper Hill, hutoa orodha hiyo kwa umma. Wakala huwakilisha kampuni. Dalali anapaswa kukuwakilisha wewe na kukuletea bei za kampuni kadhaa, na kwa bima ya dhima ningemtafuta dalali. Jua pia kwamba kampuni ikianguka, Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima hulipa hadi shilingi 250,000 kwa dai, kwa hiyo kampuni yenye bei ya chini kupita zote na sifa ya kuchelewesha malipo si nafuu.

Fomu ya maombi ijaze kwa mkono wako. Mawakala wenye haraka hupenda kukujazia, wakaweka “hapana” kila palipoulizwa kuhusu magonjwa, madai ya zamani au kufanyia kazi nyumbani, na saini inabaki yako. Bima husimama juu ya ukweli kamili wa pande zote mbili, na jambo ulilolificha, hata bila nia mbaya, laweza kuubatilisha mkataba siku unapouhitaji. Piga picha ya fomu iliyojazwa kabla haijaondoka mezani.

Sheria ya Bima hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla haijapokea ada, kwa hivyo ahadi ya “nitalipa mwisho wa mwezi” haikukingi. Lipa kwenye nambari ya malipo ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya wakala, na usihesabu kwamba una bima hadi upate risiti na mkataba wenyewe. Juu ya ada utaona tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa hazina ya fidia wa asilimia 0.25 na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Hizo ni za kawaida. Ada ikikulemea, benki kadhaa hukopesha pesa za kulipia bima, ila ukikosa marejesho benki yaweza kuomba mkataba ufutwe.

Weka risiti zote kwa ajili ya marejesho ya kodi. Ada za bima ya maisha na ya afya hukupa nafuu ya asilimia 15 ya ulicholipa, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Aliyelipa 80,000 kwa bima ya matibabu hupunguziwa kodi kwa 12,000. Mchango wa SHA, tangu mwisho wa Desemba 2024, huondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi. Ada za bima ya vifaa na ya dhima ziingize kama gharama za biashara.

Hatua ya saba: Kudai

Hasara ikitokea, piga ripoti polisi siku hiyohiyo na uondoke na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, kwa sababu kampuni itaitaka pamoja na abstrakti, ile hati ya polisi inayothibitisha ripoti yako. Arifu kampuni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, hata kama bado hujui ukubwa wa hasara. Ikiwa ni mteja anayekulalamikia, msikilize na umjibu kwa heshima, lakini usikiri kosa wala usiahidi kulipa kabla hujazungumza na kampuni yako ya bima. Kukiri mapema kunaweza kukunyima kinga. Peleka nakala, baki na hati halisi, na kila mazungumzo ya simu yafuatishie barua pepe fupi yenye tarehe.

Sheria inaitaka kampuni ilipe ndani ya siku 90 tangu dai liripotiwe. Ikikukatalia, iombe iandike ni kifungu gani cha mkataba inachotegemea, kisha ukisome mwenyewe neno kwa neno. Usiporidhika, peleka malalamiko IRA, ambako hutozwi chochote, ukiambatisha fomu uliyopiga picha, mkataba, risiti na barua ya kukataa. Na kampuni ikikuletea hati ya kupokea malipo yenye kiasi ambacho hukubaliani nacho, usiitie saini kwa sababu tu una shida ya pesa wiki hiyo: hati hiyo kwa kawaida husema kwamba umelipwa kikamilifu na huna dai tena. Mwombe dalali wako aandike upingamizi kwanza, au upate ushauri wa wakili, hati ikiwa bado haina jina lako chini yake.